Ratili si Farasi: Vipimo vya Injini za Umeme Ziwani

Katika nchi hii ya Usukuma na ukanda wa dhahabu hapana mtu asiyejua thamani ya mizani. Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu au Rwamgasa hauzi dhahabu yake kwa kukadiria kwa jicho. Huiweka juu ya mizani na kuikodolea macho mpaka namba itulie. Mkulima wa pamba wa Shinyanga huhesabu kilo zake mwenyewe kabla karani hajaandika. Mvuvi wa Nkome au wa kisiwa cha Izumacheli hamwachii sangara tajiri wa samaki mpaka ndoano ya mizani imemaliza kuyumba. Hata hivyo, imeingia sokoni bidhaa moja ambayo watu hawa hawa, hodari wa mizani, hushawishika kuilipia fedha nyingi kwa kusoma namba tu iliyoandikwa ubavuni. Bidhaa hiyo ni injini ndogo ya umeme ya kusukuma mtumbwi.

Hivi karibuni tulipita katika mwalo mmoja wa upande wa Geita, tukawakuta watu wawili wakibishana kwa heshima. Kijana alikuwa akisifu injini ya umeme aliyoiona dukani, na mwenzake, mzee mwenye mtumbwi wa injini ya petroli ya nguvu za farasi 15, alikuwa akimsikiliza huku akishona wavu.

"Mzee, ile ni hamsini na tano," alisema kijana. "Hiyo yako ni kumi na tano tu."

Mzee hakuinua uso. "Hamsini na tano za nini, mwanangu?"

Kijana hakuwa na jibu. Nasi tuliposimama pale tuliona kwamba swali hilo lilikuwa na uzito kuliko ubishi wote uliolitangulia, na kwamba wengi wetu, wakiwamo baadhi ya maofisa wanaosajili vyombo na kutoa leseni, wangelichelewesha jibu. Kwa sababu hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili leo kwa kirefu, maana ziwani kosa la kipimo halimpotezei mtu fedha peke yake.

Jibu la swali la mzee ni hili: zile hamsini na tano ni ratili, au paundi kama wengine wasemavyo, za msukumo. Kumi na tano zake yeye ni nguvu za farasi. Ratili na farasi si vipimo viwili vya kitu kimoja, kama ilivyo kilo na gramu. Ni vipimo vya vitu viwili tofauti. Anayeuliza ratili 55 ni sawa na farasi wangapi anafanana na anayeuliza kilo 55 za dagaa ni sawa na saa ngapi za safari. Swali hilo halina jibu mpaka liongezwe jambo la tatu katikati, nalo ni mwendo.

Tuanze na farasi. Mwishoni mwa karne ya 18, fundi wa Kiskoti aitwaye James Watt alikuwa akiwauzia mashine za mvuke watu waliozoea kuzungusha vinu kwa farasi. Wanunuzi walitaka kujua jambo moja: mashine moja itawaondolea farasi wangapi? Watt akafanya hesabu, akaamua kwamba farasi mmoja huweza kuinua ratili 33,000 kwa kimo cha futi moja katika muda wa dakika moja. Baadaye mataifa yanayotumia vipimo vya metriki yakasema kwa njia nyepesi zaidi: farasi mmoja ni kuinua kilo 75 kwa kimo cha mita moja kila sekunde. Kwa vipimo vya umeme, farasi wa Watt ni wati 746 na farasi wa metriki ni wati 735. Tofauti hiyo ni ndogo, na haitatusumbua hapa. La kushika ni kwamba ndani ya neno farasi mna mambo matatu: uzito, umbali na wakati. Farasi hupima kazi iliyokamilika kila sekunde.

Sasa ratili. Injini ya umeme ya mtumbwi si jambo geni duniani. Mwaka 1881 Mfaransa Gustave Trouvé aliendesha mashua kwa injini ya umeme katika mto Seine, mjini Paris. Lakini zile ndogo tunazoziona leo, zenye mti mrefu na pangaboi chini yake, zilianzia Marekani. Mwaka 1934 O. G. Schmidt, wa mji wa Fargo katika jimbo la North Dakota, alitengeneza injini ya namna hiyo na kuanzisha chapa ya Minn Kota. Shabaha yake haikuwa kuvuka ziwa. Ilikuwa kumsaidia mvuvi wa ndoano kwenda polepole, bila kelele, na kuuzuia mtumbwi wake usichukuliwe na upepo anapovua mahali pamoja. Kwa kazi hiyo mtu hahitaji kujua atafika upesi kiasi gani. Ahitaji kujua injini itauzuia mtumbwi kwa nguvu kiasi gani. Ndiyo sababu watengenezaji wakazoea kuipima kwa ratili za msukumo, na kipimo hicho huchukuliwa chombo kikiwa kimefungwa, hakiendi mbele wala nyuma.

Hapo ndipo penye siri. Kipimo cha ratili huchukuliwa wakati mwendo ni sifuri.

Wachimbaji wetu wataielewa siri hii kuliko sisi. Mtu aliyesimama juu ya duara, ameshika kamba yenye kiroba cha mawe cha kilo 50 kinachoning'inia chini, anatumia msuli kweli kweli. Mikono inatetemeka, jasho linamtoka. Lakini maadamu kiroba hakipandi, hakuna mawe yaliyofika juu, na mwenye duara hana cha kupeleka karashani. Kushikilia kilo 50 ni msukumo. Kuzipandisha kilo 50 mita moja kila sekunde ni kazi, na kazi hiyo ni theluthi mbili za nguvu za farasi mmoja. Mikono ni ile ile na kilo ni zile zile. Kilichoongezeka ni mwendo.

Mkulima wa Shinyanga naye ana mfano wake. Tuchukue jozi ya maksai wanaovuta plau kwa kani ya kilo 80, wakitembea robo tatu ya mita kila sekunde. Zidisha 80 kwa 0.75, utapata 60. Gawanya kwa 75, utapata farasi 0.8. Sasa tuchukue bodaboda iendayo mita 15 kila sekunde, yaani kilometa 54 kwa saa, katika barabara ya lami. Kushinda upepo na msuguano wa matairi, tuseme inahitaji kusukumwa kwa kani ya kilo 12 tu. Zidisha 12 kwa 15, utapata 180. Gawanya kwa 75, utapata farasi 2.4. Kwa ratili, maksai wana 176 na bodaboda ina 26. Anayenunua kwa kutazama ratili peke yake atapanda plau akitumaini kufika Kahama kabla ya bodaboda.

Basi kanuni yenyewe ni fupi, na tunawaomba wasomaji waiandike mahali: kilo za msukumo, mara mita zinazokwendwa kila sekunde, gawanya kwa 75, jawabu ni farasi. Mwenye ratili na azigeuze kwanza ziwe kilo kwa kuzidisha kwa 0.45.

Turudi kwa injini ya kijana. Ratili 55 ni kilo 25. Mtumbwi ukiwa umefungwa, kilo 25 mara sifuri ni sifuri: injini inavuta, maji yanachemka, lakini kazi ya safari haijafanyika. Mtumbwi ukifunguliwa na kuanza kwenda, msukumo hupungua, maana pangaboi sasa linayakuta maji yanayokimbia nalo na kushindwa kuyashika kama mwanzo. Tuseme mtumbwi umefikia mita 1.5 kwa sekunde, yaani kilometa 5.4 kwa saa, na msukumo uliobaki ni kilo 15. Zidisha, gawanya: farasi 0.3. Hicho ndicho kinachoufikia mtumbwi.

Muuzaji anaweza kutupinga kwa haki na kusema kwamba farasi za injini ya petroli nazo huhesabiwa kwenye mashine yenyewe, si majini, na kwamba hata hizo hupotea nyingi kabla ya kuusukuma mtumbwi. Ni kweli, tena farasi 15 hupatikana pale tu injini inapozungushwa mpaka mwisho. Basi tuzilinganishe zote kwenye mashine. Injini ya ratili 55 hutumia betri ya volti 12 na huvuta kiasi cha ampea 50. Volti mara ampea ni wati: 600. Gawanya kwa 746, ni farasi 0.8, sawa na wale maksai wetu. Injini ya mzee, kwa hesabu hiyo hiyo, ni wati 11,190, yaani zaidi ya mara 18. Hiyo ndiyo tofauti iliyofichwa na namba 55 mbele ya namba 15.

Kwa kadiri ya injini zilizozoeleka, ile ya ratili 30 hutumia wati 360 hivi, nusu ya farasi mmoja. Ile ya ratili 80, yenye volti 24, hutumia wati 1,344 hivi, farasi 1.8. Ile kubwa ya ratili 112, yenye volti 36, hutumia wati 1,872 hivi, farasi 2.5. Hata kubwa yao haifiki farasi 3. Ziko injini nyingine za umeme, zilizokusudiwa safari, ambazo huuzwa kwa kilowati. Hizo ndizo zinazolinganishika moja kwa moja na petroli, kwa kuwa kilowati na farasi ni kipimo cha kitu kile kile. Injini ya kilowati 5 ni farasi 6.7, na hakuna kitendawili ndani yake.

Je, tuseme basi kwamba ratili ni kipimo cha udanganyifu? Hapana. Lingekuwa kosa la pili baada ya la kwanza. Ziwa lenyewe litatusahihisha. Ziwa Viktoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, na wakazi wa visiwani wanajua jinsi dhoruba zake za usiku na za alfajiri zinavyozuka bila kubisha hodi. Upepo wa kilometa 36 kwa saa ukiupiga ubavu wa mtumbwi wenye eneo la mita 4 za mraba juu ya maji, pamoja na watu na mizigo, huusukuma kwa kiasi cha kilo 24. Injini ya kijana, ikiwa mpya na betri imejaa, ina kilo 25. Inabaki kilo moja, na mawimbi hatujayahesabu. Katika saa hiyo mvuvi hahitaji kujua farasi. Ahitaji kujua kama msukumo wake unauzidi msukumo wa upepo. Na hilo ndilo ratili hueleza vizuri kuliko kipimo kingine chochote.

Tena iko sifa ya injini ya umeme ambayo farasi peke yake huificha. Pangaboi kubwa linalozunguka taratibu huvuta zaidi kuliko dogo linalozunguka kwa kasi, hata kama nguvu ni sawa, mradi mwendo uwe mdogo. Kwa hiyo injini ya umeme ya farasi 0.8 inaweza, chombo kinapoanza kuondoka, kuvuta karibu kama injini ndogo ya petroli yenye farasi zaidi. Muuzaji anayesema kwamba injini yake ina nguvu kuliko namba ya farasi inavyoonyesha hasemi uongo wote. Anasema kweli ya dakika ya kwanza, na kuinyamazia saa nzima inayofuata.

Hapo tunafika kwenye swali la tatu, ambalo mara nyingi huulizwa mwisho ilhali lilistahili kuulizwa mwanzo: nguvu hiyo itadumu kwa muda gani? Betri ya kawaida ya risasi na asidi, ya volti 12 na ampea 100 kwa saa, ina akiba ya wati 1,200 kwa saa moja. Lakini mwenye busara hatumii zaidi ya nusu yake, maana betri ya namna hiyo ikikaushwa mara kwa mara hufa mapema. Inabaki 600. Injini ya wati 600 itakwenda nayo saa moja, na kwa mwendo wa kilometa 5.4 kwa saa safari yote, kwenda na kurudi, ni kilometa 5.4. Nusu yake ni kilometa 2.7. Mwenye mtumbwi na apime kwa macho yake umbali wa nyavu zake kutoka ufukweni, kisha aamue.

Kwa upande wa pili, lita moja ya petroli ina joto la kiasi cha kilowati 9 kwa saa. Injini ya mtumbwi hupoteza sehemu kubwa ya joto hilo, lakini ikiambulia hata moja ya sita tu, hiyo ni kilowati 1.5, zaidi ya betri nzima iliyojaa. Kuilisha injini ya farasi 15 kwa saa moja kwa betri za risasi kungehitaji betri 18 au 19, ambazo uzito wake unapita kilo 500. Betri za lithiamu ni nyepesi zaidi na huweza kutumika karibu zote. Zingehitajika 11 hivi, zenye uzito wa kilo 130. Hilo linawezekana, lakini gharama yake si ya mvuvi mmoja.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini hatukuandika haya ili kumkatisha tamaa kijana wa mwaloni, wala kuwasifia wauza petroli. Petroli ya visiwani hubebwa kwa madumu juu ya maji na kila mkono inaopitia huiongezea bei; moshi wake na mafuta yake humwagika katika maji yale yale tunayoyanywa. Na watu wa Shinyanga na Kahama, walio mbali na ufuko, nao wanakunywa maji ya ziwa hili kupitia bomba lianzialo Ihelele, wilayani Misungwi. Injini isiyomwaga mafuta ni faida yao pia.

Isitoshe, maumbile ya maji yanampa fadhila anayekubali kwenda taratibu. Kwa mtumbwi wa kawaida, mwendo ukiongezwa maradufu, nguvu inayohitajika huongezeka karibu mara 8. Tuseme mtumbwi unataka wati 1,600 kwenda kilometa 8 kwa saa. Utataka kama wati 200 tu kwenda kilometa 4 kwa saa. Safari ya kilometa 8 kwa mwendo wa kwanza itakula 1,600. Kwa mwendo wa pili itachukua saa 2, lakini itakula 400 tu, robo ya ile. Kwa hiyo haraka ndiyo inayomaliza betri. Mwenye kutega nyavu karibu na ufuko, mwenye kuhudumia vizimba vya kufugia samaki, na mwenye kusogea polepole kati ya taa za dagaa usiku wa giza, hao injini ya ratili inawafaa, tena inawafaa sana. Mwenye kuvusha abiria na mizigo kati ya kisiwa na nchi kavu haimfai, na tunathubutu kusema isiruhusiwe kuwa injini yake ya pekee.

Umeme wenyewe si mgeni visiwani. Wavuvi wengi wa dagaa wamekwisha kuziacha karabai na kutumia taa za umeme wa betri na jua. Huko Mbita, upande wa Kenya, kampuni ya OSRAM ilifungua mwaka 2008 kituo cha kuchajia taa za wavuvi, na katika miaka ya karibuni wavuvi wa sangara wa upande huo wameanza kukodishiwa injini za umeme pamoja na betri zake, betri zikichajiwa ufukweni. Kwetu, kijiji cha Bwisya katika kisiwa cha Ukara kilipata mtambo wa umeme wa jua mwaka 2016. Somo la mifano hiyo ni kwamba kinachomshinda mvuvi mmoja, yaani bei ya betri na mahali pa kuichaji, kinaweza kubebwa na chama, kikundi au kampuni inayokodisha. Ila anayekodi naye lazima ajue anakodi nini.

Tumeitaja Bwisya, na haiwezekani kuitaja bila kukumbuka tarehe 20 Septemba 2018, siku ambayo kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati yake na kuwaua watu zaidi ya 220. Kivuko hicho kiliruhusiwa kubeba watu 101. Hatuchanganyi msiba ule na habari ya injini ndogo za mitumbwi. Tunachosema ni kwamba namba iliyoandikwa katika chombo cha majini ina uzito wa roho za watu, na namba isiyoeleweka ni hatari kama ile isiyoheshimiwa.

Kwa hiyo tunatoa mapendekezo yetu, kwanza kwa Serikali. Nchi yetu inafuata vipimo vya metriki, na Wakala wa Vipimo upo kwa kazi hiyo. Muuzaji wa injini ya umeme ya majini na atakiwe kuandika kwa Kiswahili, mahali panapoonekana, mambo matatu: msukumo kwa kilo, chombo kikiwa kimefungwa, nguvu kwa wati au kilowati, na muda ambao betri anayoiuza nayo itadumu injini ikiendeshwa kwa nguvu zote. Shirika la Viwango la Taifa lingeweza kuweka namna moja ya kuyapima, ili kilo za duka moja zisiwe tofauti na za duka jirani. TASAC, lenye dhamana ya usalama wa vyombo vya majini, na maofisa uvuvi wa wilaya wanaojaza fomu za vyombo, wasikubali namba isiyo na jina la kipimo chake. Mahali palipoandikwa farasi pasijazwe ratili. Afisa akiandika 55 katika nafasi ya farasi, mtumbwi wa maksai utakuwa umesajiliwa kama mashua ya mwendo kasi, na siku ya dhoruba daftari litatoa ushahidi wa uongo.

Pili, kwa wananchi wa visiwani na mialoni. Si lazima mngojee mtu kutoka mjini. Mizani mliyo nayo, ile ya kuning'iniza yenye uso wa saa, inayopima sangara, inaweza kupima injini leo hii jioni. Fungeni kamba nyuma ya mtumbwi na mwisho wake katika ndoano ya mizani. Ifungeni mizani kwenye nguzo imara ufukweni, ikilala usawa wa kamba. Washeni injini kwa nguvu zote mahali penye kina cha kutosha, palipotulia. Sindano itasema kilo. Kisha fungueni kamba, wekeni vijiti viwili ufukweni kwa umbali wa mita 100, mpite sambamba navyo huku mtu akitazama saa. Sekunde 50 ni mita 2 kwa sekunde; sekunde 100 ni mita 1. Pimeni mkienda na mkirudi, ili upepo usiwadanganye. Mwisho, acheni injini iende hadi betri ifike nusu, mwandike muda. Kazi yote hiyo haimalizi asubuhi moja, na kikundi cha ulinzi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo kinaweza kuisimamia na kuweka majibu ubaoni kwa kila aina ya injini inayouzwa. Muuzaji mwaminifu ataifurahia kazi hiyo, na atakayeikataa atakuwa amejieleza mwenyewe.

Tatu, kwa kila atakayeondoka ufukweni na injini ya betri: makasia yasiachwe nyumbani, na jaketi la kuokolea lisigeuzwe mto wa kulalia. Injini ya umeme hainguruni inapochoka. Betri hukuaga kimya kimya, na mara nyingi hukuaga wakati wa kurudi.

Ni jambo la kupendeza kwamba lugha yetu imeyakutanisha machimbo na ziwa katika neno moja. Mahali mitumbwi inaposhushia samaki ni mwalo, na mahali wachimbaji wanapochenjulia dhahabu ni mwalo vile vile. Katika mwalo wa machimbo hapana mtu anayekubali mchanga unaong'aa mpaka umepita mizani. Tunaomba desturi hiyo ivuke maji na kufika katika mwalo wa pili.

Waswahili husema dau la mnyonge haliendi joshi. Zamani halikwenda kwa sababu mnyonge hakuwa na tanga jema wala usukani. Leo lisikwame kwa sababu mnyonge ameuziwa namba badala ya nguvu. Ratili zitamwambia kama ataweza kuukabili upepo, farasi watamwambia kama atafika, na betri itamwambia kama atarudi. Anayeuza na ajibu yote matatu. Na anayenunua, awe kijana au mzee, mvuvi au ofisa mwenye mhuri, kila anapoonyeshwa namba kubwa ubavuni mwa mashine, asione haya kuuliza kama alivyouliza yule mzee bila kuacha kushona wavu wake: za nini?